Akiba si kile kinachobaki

Wengi tunaamini akiba ni kile kinachosalia mwisho wa mwezi, na kwamba mwenye kipato kidogo asubiri nyongeza ndipo aanze. Si kweli, na imani hii inawagharimu watu miaka.

Pesa iliyo karibu hutumika. Anayesubiri masalio hukuta tarehe 25 hakuna kitu, wala hakumbuki zilikokwenda. Geuza mpangilio: siku mshahara unapoingia, kabla hujalipa chochote, hamisha sehemu kwenda akaunti nyingine isiyo na kadi mfukoni. Afadhali iagize benki ihamishe yenyewe, maana ukijiachia uamuzi kila mwezi utashindwa mwezi wa pili.

Kiasi kidogo kinatosha kuanzia. Ukitenga 5 katika kila 100, baada ya miezi 20 una mshahara mzima wa mwezi mmoja, na hapo ugonjwa au kufukuzwa kazi hakukupeleki moja kwa moja kwa mkopeshaji.

Nyongeza nayo haileti akiba yenyewe, kwa sababu matumizi hupanda pamoja nayo. Wanauchumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walichapisha mwaka 2004 matokeo ya mpango ambapo wafanyakazi nchini Marekani walikubali mapema kwamba kila nyongeza ikija, sehemu yake iende akiba. Ndani ya miezi 40, wastani wa akiba zao ulitoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6.

Ila kama una deni lenye riba kubwa, lilipe hilo kwanza.