Volyumu ipo, seva iko hai, ila kompyuta inang'ang'ania namba ya zamani

Juzi nilirejesha volyumu moja (fungu la mafaili) ya programu za hesabu kutoka kwenye bakapu, kwenye AFS, mfumo wetu wa kushirikiana mafaili kupitia mtandao. Nilifuta ile iliyoharibika, nikairejesha kwa jina lilelile, nikajaribu kwenye mashine yangu, ikafunguka. Kabla sijamaliza chai, simu ikalia. "Kaka, kwangu inasema No such device," yaani kifaa hicho hakipo. Nikamwambia ajaribu ya jirani yake. Ya jirani inafungua.

Kwenye AFS, mashine moja inapokataa huku ya pembeni inakubali, mimi siigusi seva. Nakwenda kwenye kashe ya ile inayolalamika, yaani kumbukumbu ya muda ya mambo iliyokwisha kuyapata kutoka kwenye seva.

AFS ilianzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, miaka ya 1980, na wengi wetu leo tunatumia OpenAFS, iliyotokana na kodi ambayo IBM iliiachia huru mwaka 2000. Mafaili hukaa ndani ya volyumu, na kila volyumu hutundikwa kwenye mti wa folda kupitia pointi ya kupachika. Mtu huidhani ni folda. Ukweli ni kwamba ni kiungo kidogo chenye maandishi mafupi: alama ya #, jina la volyumu, nukta. Ukiandika fs lsmount hesabu unajibiwa kwamba hesabu ni pointi ya volyumu '#prog.hesabu', basi.

Angalia: imeandikwa jina, si namba. Seva za mafaili zenyewe hufanya kazi kwa namba. Kwa hiyo mashine ya mtumiaji huuliza hifadhidata ya volyumu mara moja, "prog.hesabu ni namba ngapi?", kisha inalikariri jibu. Nilipofuta na kurejesha, jina lilibaki, namba ikawa mpya. Mashine ya kaka yetu ilikuwa bado inabisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa.

Alikwisha jaribu fs flush, ikamrudishia kosa lilelile. Sishangai. Amri hiyo hutupa data ya faili au folda iliyo kwenye kashe, na tatizo lake halikuwa data. Nikamwambia aandike fs checkvolumes. Kioo kikajibu All volumeID/name mappings checked, na folda ikafunguka hapohapo. Angevumilia, ingepona yenyewe, maana jedwali la majina na namba lililokaririwa huhuishwa kila baada ya saa moja. Lakini nani ana saa nzima ya kusubiri?

Kuna siku nyingine jina ndilo linalokosewa: fs lsmount kwenye mashine moja inaonyesha kitu tofauti na kwingine. Hapo ndipo penye kazi ya fs flushmount. Inatupa kile kilichokaririwa kuhusu pointi yenyewe, na safari ijayo mashine inaisoma upya kutoka kwenye seva. Data ya volyumu iliyo nyuma yake haiguswi, ndiyo maana naipenda: aliyepakua mafaili makubwa kwenye kashe hayapotezi. Ila kama pointi ilifutwa kwa fs rmmount ikawekwa nyingine kwa jina lilelile, hiyo ni pointi mpya kabisa, na huenda iliyochakaa ni orodha ya folda mama. Safisha mama kwanza kwa fs flush.

Na sasa mtego ulioniaibisha mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo. Nilisafisha kashe mashine baada ya mashine, mchana mzima, pointi mpya haionekani popote. Kumbe folda mama ilikuwa na nakala za kusoma tu. Mimi nilikuwa nimeiweka pointi kwenye nakala ya kuandikia nikasahau vos release, amri inayopeleka mabadiliko kwenye nakala za kusoma, kwa hiyo watumiaji walikuwa wanaona nakala ya jana, na kashe zao zilikuwa sahihi kabisa! Siku hizi, kabla sijamwambia mtu asafishe chochote, naendesha vos examine na kulinganisha tarehe ya mwisho ya mabadiliko kwenye volyumu mama na ile ya nakala yake ya kusoma.

Kuwasha upya mashine sijawahi kuhitaji kwa matatizo haya. Kaka wa juzi alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe.