Je, wajua kwa nini Wakikuyu wengi walisimama na mkoloni wakati wa Mau Mau, yale maasi ya Kenya ya miaka ya 50 dhidi ya Mwingereza?

Tumezoea kuambiwa Mau Mau ilikuwa Mwafrika huku Mzungu kule, lakini hebu angalia waliokufa, kwa hesabu ya serikali yenyewe raia wa Kizungu waliouawa ni 32, halafu Waafrika iliowaita watiifu ni zaidi ya 1,800. Yaani vita viliwaka sana hukohuko kwa Wakikuyu, jirani kwa jirani.

Sasa mtu mweusi ilikuwaje akawa hom gadi, yaani mlinzi wa kijiji aliyepigana na Mau Mau upande wa serikali? Kwangu mimi jibu kubwa ni ardhi. Chukua Lari, huko Kiambu. Mwishoni mwa miaka ya 30 serikali ilitaka Waafrika wahame Tigoni manake palikuwa pamezungukwa na mashamba ya Wazungu, Luka Kahangara na watu wake wakakubali kwenda Lari, wengine wakagoma na baadaye wakafukuzwa kwa nguvu, wakabaki na uchungu. Luka akawa chifu. Usiku wa 26 Machi 1953 boma lake na ya jamaa zake na ya hom gadi yakachomwa na Mau Mau watu wakiwa ndani, wakafa zaidi ya 70, wengi wanawake na watoto, na usiku huohuo polisi na hom gadi wakaanza kulipiza, wakaua watu wengi mno bila kuuliza nani ni nani. Baada ya hapo nani angethubutu kusema mimi siko upande wowote?

Kuna waliokataa kiapo cha kujiunga na Mau Mau kwa sababu ya dini, hao wapo, na baadhi yao walikataa hata kushika bunduki ya serikali. Lakini hom gadi wengi walikuwa wamekula kiapo kitambo, na wengine mchana wako posti, usiku wanapitisha chakula kwenda kwa wapiganaji wa Mau Mau msituni. Mtu alikuwa anaangalia nani anashinda na watoto wake watalala wapi, na mimi siwezi kumlaumu kirahisi.

Kuanzia 1954 serikali ikafanya utiifu ulipe. Zaidi ya watu milioni moja walisukumwa kwenye vijiji vya lazima, kafyu juu, handaki lenye miti iliyochongwa ncha pembeni, na anayelinda geti ni hom gadi, kwa hiyo kuwa upande wake ndiyo tofauti ya kwenda shambani na kulala njaa. Ukawa na cheti cha utiifu unasafiri, na uchaguzi wa Machi 1957 Mkikuyu, Mmeru au Muembu asiye na hicho cheti hakupiga kura. Mwaka huohuo wa 1954 ukaja mpango wa kilimo wa serikali ulioitwa wa Swynnerton, Mwafrika alime kahawa kwa wingi, vipande vya ardhi viunganishwe na kila mtu apewe hati, na mashamba yakapimwa wakati maelfu wako kizuizini Manyani na kwingineko, waliokaa kwenye kamati za kugawa ni machifu na watiifu, na wengine waliporudi wakakuta shamba limeshaandikwa jina lingine.