Sodiamu haitaki kitu, jamani

Jumamosi asubuhi niko barazani na chai yangu na mahamri mawili, mtoto wa dadangu kaja na daftari la kemia, yuko kidato cha pili, ataka nimuangalilie kazi ya likizo kabla hajaenda kucheza mpira. Swali lasema eleza kwa nini sodiamu huungana na klorini. Yeye kaandika hivi: sodiamu inataka kuwa kama neoni ili ifurahi, kwa hivyo inaipa klorini elektroni yake moja. Nikamuuliza, mwanangu, nani kakwambia sodiamu yataka? Akaniangalia vile watoto huangalia mtu aliyepitwa na wakati, "Mamdogo, si kila mtu ajua, zote zataka nane." Yaani elektroni nane kwenye ganda la nje, kama neoni.

Kila mtu ajua. Haya.

Nimefundisha kemia hapa Mombasa miaka 16 na kila muhula nikifungua bunda la karatasi za kusahihisha hiyo sentensi iko pale yanisubiri. Yataka, yapenda, yafurahi, yatosheka, yatafuta mwenzake. Ukiwasoma utafikiri jedwali la elementi ni ukumbi wa harusi. Na kwa kweli nshachoka, kwa hivyo leo ntaandika yote niyamalize, halafu akija mwingine ntamtumia linki.

Kule stoo ya maabara kuna kopo la sodiamu iliyolala ndani ya mafuta ya taa, vipande unavyovikata kwa kisu kama sabuni ya mche. Ilikuweko kabla mimi sijaandikwa kazi na mpaka leo haijampa mtu elektroni. (Walimu wenzangu nyamazeni, najua ndani ya metali hizo elektroni za nje huzurura, nakuja.) Mfano safi zaidi ni zile taa za barabarani za manjano, zilizokuwa kila mahali kabla hizi nyeupe hazijaja. Mle ndani mna mvuke wa sodiamu, atomu moja moja. Umeme ukizipiga, elektroni ya nje yaruka juu, halafu yarudi palepale ilipotoka na kutoa ile nuru ya manjano, usiku kucha, yaruka yarudi, yaruka yarudi. Sasa kama sodiamu ina hamu kubwa hivo ya kuitupa, mbona yairudisha nyumbani?

Jibu ni kwamba kuing'oa hiyo elektroni ni gharama. Kilojuli 496 kwa moli moja (fungu maalumu la atomu tunalohesabia), na hizo lazima zitoke mahali; bei zote ntakazotaja ni kilojuli hizohizo. Hebu tufanye hesabu ya duka. Unataka chumvi, una sodiamu na gesi ya klorini. Kwanza sodiamu ni kitu kigumu, kuzitenganisha atomu zake ni 107. Kuing'oa elektroni, hizo 496. Klorini nayo hutembea wawili wawili, kuwaachanisha upate moli moja ya atomu ni kama 122. Jumla ushatoa mfukoni 725 na hujauza kitu. Klorini ikipokea ile elektroni yakurudishia 349, kwa hivyo bado wadaiwa 376, na hapa ndipo watoto wote hunyamaza manake hadithi yao ya kupeana na kufurahi imeishia kwenye deni. Anayelilipa hilo deni ni fuwele, yaani ayoni chanya (atomu zilizopoteza elektroni) na ayoni hasi (zilizopokea) kujipanga kwa maelfu ya mamilioni, kila moja imezungukwa na za upande wa pili, na huko kujipanga kwatoa kama 787. Toa deni, faida yako 411. Ndio moto unaouona. Faida imetoka kwa mpangilio wa pamoja, hakuna atomu iliyokuwa imekaa pembeni yatamani kuwa neoni. (Na ile chumvi inayokaushwa kule Gongoni na Marereni haipitii njia hii hata kidogo, bahari imekuja na ayoni zake tayari, jua lapunguza maji tu. Nshawahi kusoma insha nzima ya mwanafunzi aliyeandika kuwa Gongoni wanachanganya sodiamu na klorini kwenye mabwawa. Mungu atuepushe.)

Sasa utaniuliza, kama hakuna kutaka, hiyo nane yatoka wapi? Swali zuri, na hapa ndipo naomba unipe muda.

Chukua magnesiamu. Elektroni ya kwanza kuing'oa ni 738. Ya pili 1451, imepanda lakini fuwele yaweza kulipa. Ya tatu 7733. Ni kama uko sokoni Kongowea wanunua nyanya, fungu la kwanza bei nzuri, la pili imeongezeka kidogo wasema sawa, la tatu anakutajia bei mpaka wafikiri amekutukana. Waondoka. Hujaondoka kwa sababu umeridhika na mafungu mawili, umeondoka kwa sababu ya bei. Sodiamu hivohivo, ya kwanza 496, ya pili 4562, kwa hivyo mwisho moja. Alumini 578, 1817, 2745, halafu ya nne 11577, kwa hivyo mwisho tatu. Bei yaruka pale unapomaliza ganda la nje na kuanza kung'oa la ndani, ambalo liko karibu na kiini na halina wengi wa kulikinga na mvuto wa kiini. Hiyo ndiyo nane yenu. Nane ni mahali bei inapopanda ghafla, basi. Si lengo, si pepo, hakuna atomu inayoisafiria.

Na ukitaka ushahidi kwamba si lengo angalia juu ya paa lako. Mabati yetu hapa na huu upepo wa chumvi, mwajua wenyewe yanavyoliwa. Chuma kina elektroni zimepangwa ganda kwa ganda 2.8.14.2, kikiwa kutu kimepoteza tatu, kimebaki na 2.8.13. Kumi na tatu! Haiko kama argoni, haiko kama neoni, haiko kama mtu yeyote wa kundi la nane (ile safu ya wima ya jedwali yenye gesi kama neoni na argoni), na bado kutu imekaa imara kwenye paa miaka yote hiyo mpaka fundi aje. Ukishika ile sheria ya "zote zataka nane" chuma, shaba na zinki zote zakuharibikia, ndio maana vitabu vya kidato cha pili huruka ile sehemu ya katikati ya jedwali kama mtu anayeruka dimbwi.

Kitu kingine kinachoniudhi ni watoto kufikiri makundi yametengenezwa kwa kuhesabu elektroni za nje. Mendeleev, yule mkemia Mrusi, alitoa jedwali lake 1869, elementi zilizojulikana zilikuwa 63, na elektroni yenyewe J. J. Thomson aliigundua 1897. Miaka 28 baadaye! Yule mzee hakuwa na elektroni hata moja ya kuhesabu. Alichokuwa nacho ni uzito wa atomu na tabia: nani anaungana na oksijeni kwa kiasi gani, nani na klorini kwa kiasi gani, yaani aliangalia nani anamuoa nani na kwa mahari gani, akaona koo zinajirudia. Akaacha nafasi tupu chini ya alumini akasema hapa pana mtu hajafika, na 1875 galiamu ikapatikana ikakaa palepale. Silabasi yetu yaziita familia na hilo jina nalipenda kwa sababu ndivyo zilivyoanza, kwa kufanana tabia. Hesabu ya elektroni imekuja baadaye kueleza kwa nini wafanana.

Kundi la nane halikuweko kabisa kwenye hilo jedwali la kwanza, argoni imekuja kupatikana 1894 na hali ni karibu asilimia moja ya hewa unayovuta saa hii. Na hili kundi ndilo lililolea uongo mkubwa kuliko wote, ati hizi gesi zimeshiba haziungani na mtu. Mwaka 1962 mkemia Neil Bartlett, kule Vancouver, Kanada, alikuwa na gesi moja kali ya platinamu na florini ambayo ilikuwa imeing'oa elektroni kutoka kwa molekuli ya oksijeni. Bei ya ile ya oksijeni ni kama 1175. Akatazama orodha, zenoni 1170. Akajiambia, sasa kama hiyo iliwezekana hii itashindikana kwa nini? Akachanganya, akapata kitu kigumu chenye rangi. Zenoni imeungana. Hakuuliza kama zenoni imeridhika na maisha, aliuliza bei.

Haidrojeni kukaa kundi la kwanza, la sodiamu na wenzake: haina maana ni metali, imekaa pale kwa sababu ya elektroni moja. Tusonge.

Kushuka kwenye kundi. Hapa watoto wamekariri sentensi moja, "ukali wazidi ukishuka", na wanaibandika kila mahali. Kundi la kwanza sawa. Fikiria matatu imejaa, dereva ndiye kiini, na elektroni ya nje ni yule kijana anayening'inia mlangoni. Gari fupi yenye watu wachache dereva akimpigia kelele amsikia. Gari ndefu na katikati mmejaa watu, kijana yuko mbali, kelele za dereva zamezwa na abiria, anaruka stejini hata hujamuona. Lithiamu 520, sodiamu 496, potasiamu 419. Kundi la saba ni kinyume, pale mwataka gari ipokee abiria, kwa hivyo ukishuka ukali wapungua: florini, klorini, bromini, iodini. Nimesema hili mara ngapi sijui.

Lakini hebu niseme na yangu. Makingi skimu (mwongozo wa kusahihishia mtihani) yasema florini ndiyo kali zaidi kwa sababu ni ndogo, kwa hivyo yavuta elektroni kwa nguvu kuliko klorini. Mimi natoa alama, na huku najua kuwa ukipima, klorini ikipokea elektroni yatoa 349 na florini 328. Klorini ndiyo yenye zaidi! Florini ni ndogo mno, elektroni ngeni yaingia yakuta chumba kimejaa. Ukali wake watoka kwengine: wale wawili wa florini wameshikana kwa ulegevu, 158 tu kuwaachanisha, wakati wa klorini ni 243, na ayoni yake kwa udogo wake yajipanga vizuri na zingine. Sasa nimwambie mtoto wa kidato cha pili hayo akayaandike kwenye mtihani apate sufuri? Sijaamua. Miaka 16 na sijaamua.

Na lithiamu. Kwenye maji yachemka polepole kama bibi anayeshuka ngazi, sodiamu yakimbia, potasiamu yawaka. Sawa kabisa na kitabu. Halafu kidato cha nne wafungua orodha ya volti, ambapo mwenye hasi kubwa zaidi ndiye anayeachia elektroni kwa faida zaidi kwenye maji, na lithiamu iko juu ya wote, hasi 3.04, potasiamu hasi 2.93, sodiamu hasi 2.71. Kuna msichana aliniuliza, Madam, si ulisema lithiamu ndiyo dhaifu? Nikamwambia tutaliangalia kesho. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Ukweli ni kwamba neno "ukali" tumelibebesha vitu viwili, kasi na faida. Lithiamu ayoni yake ni ndogo, maji yaikumbatia kwa nguvu, faida kubwa, lakini yayeyuka kwa nyuzi 180 wakati sodiamu ni 98 na potasiamu 63, kwa hivyo wenzake wanakuwa matone wakikutana na maji na yeye abaki kipande. Jumatatu nlimtafuta nikamueleza, nami nilikuwa nimeshinda wikendi nasoma.

Na nisijifanye malaika. Miaka ya mwanzo mimi mwenyewe nilikuwa nachora atomu ubaoni na uso wa kutabasamu, neoni acheka, sodiamu imenuna. Watoto walipenda. Labda huyu wa dadangu kafundishwa na mtu niliyemfundisha mimi, sitaki hata kufikiri.

Siku hizi naanza na bei. Nabandika karatasi ya manila yenye elementi 20 za kwanza na bei ya elektroni ya kwanza ya kila moja, haidrojeni 1312 mpaka kalsiamu 590, sisemi kitu kuhusu makundi. Nawaambia piga mstari kila bei inapoanguka vibaya. Wanapiga baada ya 2372 (heliamu), baada ya 2081 (neoni), baada ya 1521 (argoni), na hapo safu zimejitokeza zenyewe. (Boroni na oksijeni nazo hushuka kidogo katikati, nikiulizwa mbona huwa naangalia saa.) Muhula uliopita tulipofika kupanga nani akae chini ya nani, wavulana wa mbele wakaichukua heliamu, ina elektroni mbili za nje, wakaiweka juu ya magnesiamu na kalsiamu. Kuna mmoja nyuma dirishani, hata jina lake huwa nalisikia wakati wa kuita rejista tu, akanyoosha mkono. "Madam, huyu ni 2372 na kalsiamu ni 590. Huyu si wa kule."