Je, wajua kwa nini kugongwa ubavuni kunaumiza kuliko kugongwa mbele?

Ukikaa siti ya dereva hebu pima kwa mkono, kati ya bega lako na mlango kuna nafasi gani? Kwa gari dogo ni kama shubiri moja tu, wakati mbele yako kuna bampa, injini, boneti, karibu mita nzima ya chuma cha kujikunja kabla kishindo hakijakufikia. Siri yote iko hapo. Mbele bati linajikunja na kumeza nguvu, mkanda nao unakushika, ila mtu akikuvaa ubavuni pale kwenye makutano, mlango wenyewe ndo unaingia ndani kukufuata na wewe bado umekaa palepale, na mkanda haukusaidii sana maana unarushwa pembeni, sio mbele.

Hata eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kukukinga, haina muda. Ya ubavuni inatakiwa ishtuke ndani ya milisekunde 10 hivi, kupepesa jicho tu ni zaidi ya 100! Volvo ndo waliotangulia kuiweka, mwaka 1994 kwenye gari lao la 850. Na sasa hivi magari ya juu yamejaa barabarani, boneti lake linakuja usawa wa kifua na kichwa chako, ndo maana IIHS ya Marekani, hawa wanaogongesha magari kwa makusudi kuyapima, walianza 2003 kugonga ubavu wa gari na toroli la kilo 1,500 kwa spidi ya kilomita 50 kwa saa, halafu 2021 wakapandisha hadi kilo 1,900 na spidi 60.

Sasa mwilini. Mbavu zinavunjika, nyonga pia, lakini mimi ninachoogopa zaidi ni kilichojificha chini ya mbavu. Huku kwetu dereva anakaa kulia, na kulia ndo kuna ini. Abiria wake wa mbele yuko kushoto, upande wa bandama. Vyote viwili vimejaa damu na vikichanika vinavujia ndani kwa ndani, kwa hiyo mtu anashuka mwenyewe, anasema niko poa jamani, anapiga simu nyumbani, baada ya muda anatoka jasho la baridi, anapauka, anasema bega linamuuma na bega lenyewe halina hata mchubuko. Ile damu ikigusa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, maumivu yanasikika begani. Huyo mwahisheni hospitali na mmwambie daktari alikuwa amekaa upande gani.