Je, wajua? Benki inaweza kujaa fedha na bado ikafungwa kwa kukosa mtaji

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa mpigo: Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru, Benki ya Wakulima Kagera, Efatha na Covenant. Sababu iliyotajwa ilikuwa fupi: upungufu wa mtaji.

Nilielewa papo hapo, au nilidhani nimeelewa. Sefu imebaki tupu. Wametoa mikopo mpaka noti zimekwisha, kama duka lisilo na sukari. Na dawa yake niliiona pia: wananchi wangejitokeza kwa wingi wakafungue akaunti, waweke fedha zao pale, benki ipone. Niliwaeleza wenzangu haya kwa kujiamini kabisa. Yote yalikuwa makosa, na lile la mwisho lilikuwa kinyume cha ukweli.

Aliyenipoteza ni neno lenyewe. Mtaani, mtaji ni hela ya kuzungusha. Muuza mitumba akinunua belo, hela ile ndiyo mtaji. Mama lishe akinunua mchele na mkaa, huo ndio mtaji, na ukiisha tunasema umekata. Basi akili inakwenda moja kwa moja: benki ni duka, bidhaa yake ni pesa, mtaji wake ni pesa iliyomo ndani.

Ila pesa iliyomo ndani, sehemu kubwa, ni deni. Ukipeleka laki mbili benki, vitabu vyao vinaandika mara mbili: upande huu wana laki mbili, upande ule wanadaiwa laki mbili na wewe. Hawajatajirika hata shilingi. Mtaji wa benki ni kinachobaki ukijumlisha vyote ilivyo navyo (taslimu, dhamana za serikali, jengo, na mikopo iliyo mikononi mwa watu), kisha ukatoa vyote inavyodaiwa. Hauna droo yake. Ukiingia tawini ukaomba kuonyeshwa mtaji, hakuna atakayejua akupeleke wapi.

Mtu aliyecheza upatu ataelewa haraka. Watu kumi wanatoa elfu ishirini kila wiki, mmoja anapokea laki mbili. Wiki ya nne, mmoja aliyekwishapokea anahama mtaa bila kuaga. Kama kijumbe hana chochote chake, kila zamu inayofuata inapungua elfu ishirini na ugomvi unaanza. Kama ana akiba yake binafsi, anaziba pengo kimya kimya na wanaosubiri hawasikii lolote. Akiba ile ya kijumbe ndiyo inayofanya kazi ya mtaji wa benki. Haizungushwi, ipo ili iliwe kwanza.

Sasa kijumbe asiye na akiba akaamua kuingiza wanachama watano wapya. Kikapu kitanona, zamu ijayo italipwa kamili, watu watamsifu. Lile pengo bado lipo, na walioahidiwa wameongezeka. Hiyo ndiyo ile dawa yangu ya kufungua akaunti kwa wingi.

Tulipeleke ghalani, maana hapo hesabu inaonekana kwa macho. Chukua ghala la mahindi lenye gunia 100: 90 za wanakijiji, 10 za mwenye ghala. Makubaliano ni kwamba panya na unyevu wakila, hasara inaanzia kwenye zile kumi zake. Zikiharibika 7, kila mwanakijiji anapata lake na mwenye ghala anabaki na 3. Zikiharibika 12, yeye hana kitu, na gunia mbili za watu zimepotea. Za nani? Za watakaofika mwisho, na kwa sababu hiyo hakuna anayetaka kufika mwisho. Rudi kwenye yale matatu yaliyobaki: wanakijiji wakileta gunia 90 zaidi, ghala litafika darini, lakini matatu yaliyokuwa yakiyalinda 90 sasa yanalinda 180. Linapendeza kuliko lilivyowahi kupendeza, na halijawahi kuwa hatarini kiasi hicho.

Ndiyo maana kanuni za Tanzania zinapima mtaji mara mbili. Kwanza uwiano: mtaji wa msingi (hisa na faida iliyobakizwa) usipungue asilimia 10 ya mali za benki baada ya kila mali kupimwa kwa hatari yake. Pili sakafu: zile tano zilipofungwa ilikuwa shilingi bilioni 2 kwa benki ya wananchi, yaani benki ndogo ya eneo moja, na bilioni 15 kwa benki ya biashara.

Mfano wa ghala una kasoro moja na siifichi. Mahindi yaliyooza yananuka. Mkopo uliooza haunuki mpaka mtu akubali kuandika kwamba haulipiki. Meneja anayesema "atalipa akivuna" kwa misimu mitatu mfululizo anaufanya mtaji uonekane mnene vitabuni, na wakaguzi wa Benki Kuu hupoteza muda mwingi kwenye sentensi hiyo.

Zilitoka wapi benki za wananchi? Kwa kifupi, Azimio la Arusha la 1967 lilitaifisha benki, sheria ya 1991 ikafungua mlango kwa benki binafsi, na katika miaka hiyohiyo ya 1990 NBC, benki ya biashara ya serikali, ikawa inafunga matawi mengi. Wilaya zilizoachwa zikajichangisha: wakulima, vyama vya ushirika na halmashauri wakanunua hisa, kila mmoja kidogo chake. Benki ya wananchi ya Mwanga ilianza 2000, ya Dar es Salaam 2002.

Wazo lenyewe ni la kale zaidi, na ndani yake kuna jambo la ajabu linalonifurahisha. Chama cha mikopo cha wakulima alichoanzisha Friedrich Wilhelm Raiffeisen huko Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, na vingi vilivyoiga mfano wake, viliendeshwa karibu bila mtaji wa hisa. Badala yake kila mwanachama aliwajibika kwa madeni ya chama kwa mali yake yote, pamoja na shamba. Jirani zako wote walikuwa zile gunia kumi. Hebu fikiria umakini wa kikao cha kuidhinisha mkopo.

Thamani ya benki ya wananchi bado iko hapo, kwenye kufahamiana. Afisa mikopo anajua shamba ni la nani kweli, na nani aliuza ng'ombe kulipa deni la mwaka juzi. Hayo hayamo kwenye hati yoyote. Lakini kwa kuwa leseni inaibana kwenye eneo lake, wakopaji wake hutegemea mvua ileile na bei ya zao lilelile, na msimu ukiharibika unawaharibikia pamoja. Nasema hivi kama kanuni ya jumla ya kibenki. Haitoshi kuhukumu kilichotokea ndani ya zile tano.

Kuongeza mtaji nako si kukopa, maana mkopo ni deni jingine. Zipo njia mbili hasa: kubakiza faida, ambayo kwa benki ndogo ni kiduchu, au kuuza hisa zaidi, na mwenye hisa ni mkulima yuleyule ambaye naye anatafuta mtaji. Waliovuka walivuka kwa kubadilika. Ile ya Dar es Salaam iliuza hisa katika soko la hisa mwaka 2008 na ikawa benki kamili ya biashara mwaka 2012. Ya Mwanga iliungana na taasisi nyingine mbili mwaka 2020 ikawa Mwanga Hakika. Benki ya ushirika ya Kilimanjaro ndiyo iliyokuzwa kuwa Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Kwa namna fulani, walibaki hai kwa kupunguza kuwa benki za wananchi.

Kwa zile tano, Bodi ya Bima ya Amana ilimlipa kila mwenye akaunti hadi shilingi 1,500,000, kiwango cha wakati ule. Tangu 2023 ni 7,500,000. Aliyekuwa na zaidi alilazimika kusubiri mfilisi auze mali na akusanye madeni. Hapo lilizuka kosa jingine, ambalo angalau hili sikulifanya mimi: waliodhani benki ikifungwa, mkopo wao umefutika. Mkopo ni mali ya benki, na mfilisi huudai kama anavyouza meza na viti, ili amlipe yule jirani mwenye amana.