Je, wajua kwa nini nundu ya mshipa kwenye ubongo wa mtoto hubanwa badala ya kukatwa?

Fundi pancha yeyote wa Mbagala anajua tairi likichoka ubavuni hutoa nundu. Mshipa wa damu kichwani nao hufanya hivyo: ukuta wake ukidhoofika, damu inausukuma hadi unatuna kama puto.

Kwa nini basi daktari asiikate tu? Kwa sababu nundu imeota kwenye mshipa unaofanya kazi. Ukiikata umetoboa bomba lenye maji. Anachofanya ni kufungua fuvu na, akitazama kwa hadubini, kuweka kibanio kidogo cha chuma shingoni mwa nundu, kama unavyobana nguo kambani. Damu haiingii tena kwenye puto, lakini mshipa wenyewe unaendelea kupitisha. Daktari wa upasuaji Walter Dandy alibana nundu ya namna hii mwaka 1937 huko Baltimore, Marekani, kwa kibanio cha fedha. Siku hizi vingi ni vya titani.

Ipo njia nyingine isiyofungua kichwa: mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa kinena, ukapandishwa hadi kichwani, na nundu ikajazwa nyuzi za platinamu ili damu igande humo. Kwa mzee wa miaka 70 ni nafuu kubwa. Ila nyuzi huweza kushikamana zikasinyaa, nundu ikajaa upya, na mtoto ana miaka 60 au zaidi mbele yake. Ndiyo maana kibanio bado kina heshima yake kwa watoto.

Tatizo ni kwamba nundu za watoto mara nyingi hazina shingo. Mshipa mzima umetanuka. Hapo hakuna pa kubana. Daktari huchukua mshipa wa ngozi ya kichwa, ule unaopiga mbele ya sikio, akauunga na wa ubongo, kisha akaifunga sehemu mbovu. Na haya yote kwa mtoto wa kilo 10 mwenye damu ya mililita 800 hivi. Chupa mbili za maji za nusu lita hazijai.

Ugonjwa huu ni nadra sana utotoni. Ukitokea, chanzo huweza kuwa maambukizi ya moyo, kuumia kichwa au selimundu. Mtoto akilia ghafla kwa maumivu makali ya kichwa, akatapika, shingo ikakakamaa au kope moja ikalegea, tusikimbilie kusema ni malaria au degedege la kupepewa. Awahishwe hospitali; kwa Dar es Salaam, upasuaji wa ubongo hufanyika MOI, taasisi ya tiba ya mifupa na ubongo pale Muhimbili.