Je, wajua kwa nini ng'ombe akila nafaka nyingi maziwa yake hupungua mafuta?

Wengi hudhani ukitaka maziwa yenye malai mazito, dawa ni kumwongezea ng'ombe nafaka. Ukizidisha, maziwa yanaweza kujaa ndoo huku mafuta yakishuka. Sababu ni kwamba anayekula kwanza si ng'ombe, bali bakteria na vijidudu wengine waliojaa kwenye rumeni, lile tumbo lake kubwa la kwanza.

Vijidudu hao wakichachua nyuzinyuzi za majani, hutoa asidi ya asetiki kwa wingi, ile ile iliyomo kwenye siki. Asidi hiyo hupita kwenye damu hadi kwenye kiwele, na humo seli huitumia kuunda mafuta. Karibu nusu ya mafuta ya maziwa huundwa hivyo, humo humo kiweleni. Yaliyobaki hutoka kwenye damu yakiwa tayari, kutokana na chakula au akiba ya mwili.

Nafaka ikizidi na majani yakipungua, ng'ombe hacheui vya kutosha. Kucheua ndiko kunakoleta mate, zaidi ya lita 100 kwa siku, na mate hayo yana baikaboneti inayotuliza ukali wa asidi. Yakipungua, rumeni inachacha kupita kiasi. Sehemu ya asetiki katika asidi za rumeni hupungua, lakini kubwa zaidi ni hili: njia ambayo bakteria huyabadilishia mafuta ya chakula inageuka, na inapatikana aina ya asidi ya mafuta iitwayo CLA ya trans-10, cis-12. Gramu chache tu za asidi hiyo kwa siku zinatosha kupunguza kwa kiasi kikubwa utengenezaji wa mafuta kiweleni. Ajabu kweli, kitu kidogo namna hiyo kwa mnyama wa mamia ya kilo!

Chakula hubadilisha pia aina ya mafuta. Majani mabichi yana omega-3 nyingi, ila bakteria huigeuza sehemu kubwa kuwa mafuta yaliyokolea, yale yanayoganda kirahisi. Ndiyo maana kama theluthi mbili ya mafuta ya maziwa ni ya aina hiyo hata kwa ng'ombe anayeshinda malishoni. Hata hivyo kiasi fulani huponyoka, na siagi yake huwa laini zaidi, na ya njano kwa sababu ya beta-karotini, rangi ya asili iliyomo kwenye majani. Majani yakianikwa juani, karotini nyingi hupotea. Ng'ombe anayelishwa mafuta ya mawese, yenye asidi ya palmitiki nyingi, ambayo ni mojawapo ya mafuta yaliyokolea, hutoa siagi ngumu.

Hata urefu wa majani una maana. Yakikatwakatwa mno, ng'ombe humeza bila kucheua sana, ingawa nyuzinyuzi ni zile zile. Na mafuta yakishashuka, usitegemee yarudi kesho yake. Baada ya kurekebisha chakula, subiri kama wiki mbili.